Dokta kasema mtoto wa mbwa ana mvumo kwenye moyo: fanya hivi kabla hujafikiria kumrudisha

Kwanza kaa chini, mshike mbwa wako, pumua. Nasema hivyo maana mi mwenyewe mara ya kwanza kusikia habari hii nilikuwa nimempakata mtoto wa German Shepherd wa wiki saba, nimempeleka chanjo tu, dokta akaweka stetoskopu kifuani akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa, halafu akasema huyu moyo wake una mvumo. Njia nzima nalia. Kufika nyumbani kila mtu na lake, huyu anasema mrudishe kwa aliyekuuzia akupe mwingine, yule anasema hata chanjo usihangaike nayo atakufa tu. Hakuna aliyeniuliza mvumo wenyewe wa daraja la ngapi, unasikika upande gani, na fizi zake zina rangi gani. Hayo matatu ndo yalikuwa na maana, na mi nilikuja kuyajua baadaye sana, kwa hiyo naandika ili we uyaulize leo leo.

Kitu cha kuelewa mwanzo kabisa: mvumo siyo ugonjwa, ni sauti. Moyo mzima unasikika du-dup, du-dup, zile ni vali, yaani vimilango vya ndani ya moyo, zinajifunga. Mvumo ni kama fwuuush inayoingia hapo katikati kwa sababu damu haipiti kwa utulivu, inazunguka na kugongana. Umeshawahi kumwagilia bustani na mpira wa maji ukauminya mdomo kidogo? Maji yaleyale, bomba lilelile, ila ghafla yanapiga kelele. Basi ndo hivyo. Na kinachofanya damu ipige kelele kinaweza kuwa kitu kidogo ambacho mwezi ujao hakipo, au kinaweza kuwa hitilafu aliyozaliwa nayo ambayo usipoishughulikia mapema inamuua. Kwa kusikia fwuuush peke yake huwezi kujua ni kipi, ndo maana hupaswi kukata tamaa na pia hupaswi kupuuza.

Sasa madaraja. Madokta wanapima mvumo kwa namba 1 mpaka 6, mfumo huu ulitoka kwa dokta wa binadamu Samuel Levine kule Boston mwaka 1933 na wa wanyama wakauchukua. Daraja la 1 ni kasauti kadogo mno, mpaka chumba kiwe kimya na dokta atulie asikilize sana. La 2 ni dogo ila linasikika bila kutafuta sana. La 3 la wastani, la 4 kubwa. La 5 kubwa mpaka ukiweka mkono kwenye mbavu unahisi kitu kinatetema, kama simu iliyo kwenye vaibresheni. La 6 dokta akiinua stetoskopu kidogo isiguse kifua bado anasikia. Mwambie akuandikie namba kwenye kadi ya chanjo pamoja na tarehe na uzito wa siku hiyo. Usikubali kuondoka na "ana mvumo kidogo" maana mwezi ujao utakutana na dokta mwingine na hatakuwa na cha kulinganishia.

Na muhimu sana jamani, namba kubwa haimaanishi lazima hali mbaya. Kuna watoto wanaozaliwa na katundu kadogo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, tundu likiwa dogo damu inapenya kwa kasi inapiga kelele nyingi, na mbwa wa hivyo anaweza kuishi miaka yake yote bila shida, wakati tundu kubwa kelele yake inaweza kuwa ndogo na ndilo la hatari. Kwa hiyo namba inakusaidia kufuatilia, siyo hukumu.

Ule mvumo ambao hauna neno, ambao watoto wa mbwa wengi wanaokutwa na mvumo wanakuwa nao, ni wa utotoni. Mtoto anakua haraka, moyo unapiga mbio, na damu ya mtoto wa wiki sita au nane ni nyepesi kuliko ya mbwa mkubwa, hiyo ni kawaida ya umri. Uji mzito ukiumimina hausikiki, maji ukiyamimina yanasikika. Mvumo wa utotoni huwa daraja la 1 au la 2, mara chache la 3, unasikika upande wa kushoto juu karibu na mishipa mikubwa inakotokea, unakuja pale moyo unapokamua damu kisha unaisha, na mtoto mwenyewe anacheza anakula ananenepa. Mara nyingi ukifika wiki 12 mpaka 16 umeshapotea, wengine wanachelewa kidogo mpaka miezi mitano hivi. Kwa mtoto wa namna hiyo huhitaji dawa wala kumfungia ndani, unahitaji tarehe tu. Kila unapoenda chanjo, ambazo kwa watoto zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16, mwambie dokta asikilize moyo KABLA ya sindano, aandike namba. Ikipungua safi. Ikibaki palepale au ikapanda, au umri umefika miezi mitano bado ipo, basi hiyo siyo ya utotoni tena, anatakiwa kupimwa zaidi.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya kutoka nje hayaligusi vya kutosha na kwetu huku ndilo la kuangalia kwanza: DAMU. Mtoto akipungukiwa damu, damu inakuwa nyepesi zaidi na moyo unaanza kuvuma hata kama moyo wenyewe hauna kosa lolote. Na watoto wetu wanapungukiwa damu kirahisi mno. Kuna minyoo ya safura, ile inang'ang'ania utumbo na kunyonya damu, na mtoto haipati kwa kula uchafu peke yake, anaipata kwenye maziwa ya mama yake, kwa hiyo hata yule aliyezaliwa kwenye banda linalong'aa anaweza kuwa nayo. Tena inaweza kumnyonya mpaka hali ikawa mbaya kabla mayai ya minyoo hayajaanza kuonekana kwenye kipimo cha choo, ndo maana "tumepima choo hamna kitu" isikutulize kwa mtoto mdogo mwenye fizi nyeupe. Choo chake kikiwa cheusi kinanata kama lami, hiyo ni damu iliyosagika. Halafu viroboto, watu wanavichukulia poa lakini kwa mtoto wa kilo mbili vikiwa vingi vinamkausha. Halafu kupe na homa yao inayovunja chembe za damu, mbwa anapata homa, hataki kula, na mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi.

Wangu ilikuwa hii. Fizi zake zilikuwa zimepauka na mi nilikuwa naona ndo rangi yake. Aliyeniuzia alisema dawa ya minyoo ashapewa, labda kweli alipewa mara moja, lakini mara moja haitoshi. Inatakiwa kuanza akiwa na wiki mbili, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka afike angalau wiki nane, baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi sita, na mama naye anapewa. Tulimtoa damu kupima, ilikuwa chini, akapewa dawa, akaogeshwa, akalishwa vizuri, na alipofikisha wiki 15 dokta alisikiliza pande zote mbili akasema sisikii kitu. Nilimwambia asikilize tena.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuwaza gharama za vipimo vikubwa vya moyo, omba kipimo cha wingi wa damu. Ni tone tu, na ni rahisi kuliko kipimo chochote cha moyo. Ila usikimbilie duka la dawa kununua sirapu ya kuongeza damu ya watoto wa binadamu ukampa kwa kukadiria, madini ya chuma yakizidi ni sumu kwa mbwa mdogo. Na viroboto usimwogeshe na dawa ya kuogeshea ng'ombe, nawaomba sana, watoto wengi wanapata sumu hivyo. Maji ya vuguvugu, sabuni, kitana cha meno ya karibu karibu, umkaushe vizuri asipate baridi, halafu dokta akupe dawa inayoendana na umri na uzito wake.

Namna ya kuangalia fizi nyumbani: inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole uwe mweupe, achia. Rangi ya pinki irudi ndani ya sekunde mbili. Mbwa wengi wa kwetu na hao German Shepherd wana fizi zenye madoa meusi au nyeusi kabisa, usihangaike, vuta kope la chini taratibu uangalie nyama ya ndani. Nyeupe kama karatasi mpeleke leo, siyo kesho. Ya bluu au zambarau ondoka sasa hivi.

Tuje kwenye hitilafu za kuzaliwa nazo, maana ndizo watu wanaziogopa, na kuna moja nataka kila mtu aijue kwa sababu inatibika. Mtoto akiwa tumboni mapafu hayafanyi kazi, kwa hiyo kuna kamshipa kanakounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo ili damu iyaruke mapafu. Akizaliwa akavuta pumzi, kale kamshipa kanajifunga ndani ya siku chache. Kwa wengine hakafungi. Damu inaendelea kuvuja kwenda mapafuni usiku na mchana, upande wa kushoto wa moyo unafanya kazi ya ziada, unatanuka, mwisho maji yanajaa kwenye mapafu. Sauti yake haifanani na nyingine, haina kupumzika, inavuma mfululizo kama mashine ya kusaga unayoisikia nyumba ya pili, na inasikika zaidi juu kabisa upande wa kushoto karibu na kwapa. Dokta asipopandisha stetoskopu mpaka kule anaikosa. Mapigo ya damu kwenye paja la ndani yanagonga kwa nguvu kupita kawaida. Majike wanapata zaidi ya madume, na mbwa wadogo wadogo kama Maltese, Pomeranian na Poodle wamo sana, German Shepherd pia wamo.

Asipotibiwa wengi wao hawamalizi mwaka. Ila mshipa ukifungwa mapema kabla moyo haujaharibika, anaishi kama mbwa mwingine yeyote. Unafungwa kwa kupasua kifua na kuukaza kwa uzi, kwa binadamu Robert Gross alifanya hivyo mwaka 1938, au siku hizi kwa kupitisha kizibo kidogo cha waya kupitia mshipa wa mguu bila kupasua kifua, ingawa siyo kila nchi wala kila mji utapata mtu wa kuifanya. Nashauri muulize dokta wako mapema ni nani wa kumpigia, kwa Tanzania anzeni na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, Kenya kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, hata kama hawafanyi wao watajua pa kukuelekeza. Namfahamu mtu ambaye mbwa wake alisikiwa mvumo akiwa na miezi miwili, akaambiwa utaisha wenyewe, hakurudi kusikilizwa mpaka akaanza kukohoa ana mwaka kasoro, wakati huo moyo ulikuwa umeshatanuka. Roho inaniuma mpaka leo maana alikuwa anatibika.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Njia ya damu kwenda mapafuni kuwa nyembamba, hii iko kwa Bulldog wa Uingereza na wa Ufaransa, Boxer, Beagle, Chihuahua, na ikiwa kali inaweza kupanuliwa kwa puto linaloingizwa kwenye mshipa. Njia ya damu kwenda mwilini kuwa nyembamba chini ya vali, hii ni ya mbwa wakubwa, Rottweiler, Golden Retriever, Boxer, German Shepherd, Newfoundland, na ubaya wake inakua pamoja na mbwa, mtoto wa wiki nane anaweza kuwa na kamvumo ka daraja la 1 kanakofanana kabisa na ka utotoni halafu kakapanda mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ukiwa na Rottweiler, na mijini huku wamejaa, hata kama mvumo ulionekana kupotea rudi asikilizwe akifikisha mwaka. Aina hii ikiwa kali mbwa anaweza kuzirai au kufa ghafla akiwa anakimbia, bila dalili ya awali. Halafu kuna vali zilizoumbika vibaya, ya upande wa kulia inawapata sana Labrador.

Kipimo kinachotoa jibu ni eko, yaani altrasaundi ya moyo yenye kuonyesha damu inakimbilia wapi na kwa kasi gani. Eksirei inaonyesha ukubwa wa moyo na kama mapafu yana maji, kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mpangilio wa mapigo, vyote vinasaidia ila havichukui nafasi ya eko. Kliniki kadhaa za mijini zina mashine ya altrasaundi, lakini kuangalia mimba siyo sawa na kuangalia moyo, uliza waziwazi, "Dokta, moyo wa mbwa umeshawahi kuupima kwa mashine hii?" Dokta mzuri hatachukia. Nani apimwe bila kusubiri wiki 16? Daraja la 3 kwenda juu, mvumo usiopumzika, mvumo unaosikika zaidi upande wa kulia, au mvumo wowote kwa mtoto asiyekua, anayekohoa, anayechoka, anayezirai.

Siku ya kusikilizwa msaidie dokta. Moyo wa mtoto unapiga mara 150 au zaidi kwa dakika, akiwa anahema au analia hakuna anayeweza kusikia daraja la 1. Nenda asubuhi kabla ya joto na foleni, omba feni izimwe na mlango ufungwe, mwache atulie mapajani, ikiwezekana asinzie. Na jamani wale wanaokuja na bodaboda na kibegi, anachoma chanjo getini anaondoka, hata stetoskopu hana, hao hawawezi kukwambia lolote kuhusu moyo. Ukitaka chanjo ya nyumbani sawa, ila awe dokta na asikilize.

Nyumbani kazi yako ni mbili. Mpime uzito kila wiki, hata kwa kujipima we mwenyewe kisha ukiwa umembeba, mtoto mwenye mvumo anayeongezeka uzito sawa na ndugu zake anatupa moyo. Na hesabu pumzi akiwa amelala fofofo: kifua kupanda na kushuka ni moja, hesabu sekunde 30 zidisha kwa mbili. Usihesabu miguu ikiwa inarukaruka anaota, wala akiwa anahema kwa joto. Fanya siku tatu mfululizo uandike kwenye simu ili ujue kawaida yake. Mbwa aliyelala kwa kawaida hazidi 30 kwa dakika, watoto wadogo wanaweza kuvuka kidogo, ila ukiona namba inapanda siku hadi siku, au 40 na zaidi na hashuki, piga simu.

Chanjo endelea nazo kama dokta hajakuzuia. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, inaua ndani ya siku chache, mvumo wa daraja la 2 kwa kawaida hauui haraka hivyo. Dawa ya minyoo endelea. Kucheza mwache, akichoka atakaa mwenyewe, ila mwenye mvumo mkubwa ambaye bado hajapimwa usimkimbize juani wala kumlazimisha mazoezi. Kuhasi au kufunga kizazi subiri mpaka mvumo ueleweke, na siku ya nusu kaputi yoyote mkumbushe dokta hata kama ni mwingine. Usimpe dawa za moyo anazotumia babu, wala za kukojoza maji, wala aspirini, wala ibuprofeni. Na kama ikithibitika ni hitilafu ya kuzaliwa nayo, usimzalishe, hata akiwa mzuri vipi na watu wanakupigia simu kutaka watoto wake, maana nyingi zinarithiwa. Mwambie na aliyekuuzia, siyo kugombana, ila aache kuzalisha wazazi wale.

Akizirai: mlaze ubavu, nyoosha shingo, usimmwagie maji wala kumnywesha chochote. Angalia saa. Kama kuna mtu wa pili arekodi video hata ya sekunde 20, dokta ataitazama kuliko maelezo yako yote, maana kuzirai kwa moyo na kifafa vinafanana kwa mwenye hofu. Akiamka usimshangilie akaanza kurukaruka, mbebe, usimtembeze, fungua madirisha ya gari, na piga simu kliniki ukiwa njiani ili wawe na oksijeni tayari mlangoni.